Masera, nimeomba uvumilivu miaka sita, mbona bado napiga kelele?

Barua niliyoandikiwa mimi masera, yaani mtawa wa kike, imetoka kwa mama mmoja wa Majengo, hapa Goma, anayeuza maharage na unga kwenye soko la Virunga. Nimeifupisha kidogo:

"Masera, mimi ni mjane. Nina watoto wangu wanne na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 12. Miaka sita sasa naomba Mungu anipe uvumilivu. Nimefanya novena, nimefunga, nimeungama. Jumapili nimetoka misani, nimekomunika, nafika nyumbani nakuta binti ameteleza kwenye mawe na bidoni, maji yote yamemwagika. Kile kiazi tunachozibia kimechomoka. Nikamchapa kofi kabla sijauliza kama ameumia. Padri wetu kila mara ananiambia: jikaze, mama. Jirani yangu anasali kwenye kanisa la uamsho, na mchungaji wao anafundisha kwamba kujikaza ni nguvu za mwili, Mungu anachukizwa nazo, nimwachie Yeye afanye yote. Nani kati yao ana haki? Na kama neema ni ya kweli, mbona naungama Jumamosi, Jumanne niko palepale?"

Kabla sijauliza kama ameumia. Mama, maneno hayo manne nimeyarudia mara kadhaa. Nimewasikiliza watu katika mafungo kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wanaleta orodha ndefu ya dhambi isiyo na uso wa mtu yeyote ndani yake. Wewe umeleta kofi moja, na ndani yake mna mtoto. Kwa hiyo sitakujibu kana kwamba umeuliza habari za vitabu, ingawa vitabu vitaingia, maana swali lako ni la zamani sana na limeshaumiza vichwa vikubwa kuliko changu.

Nani ana haki? Padri wako ana haki. Mchungaji wa jirani naye ana haki katika jambo moja kubwa: bila Mungu huwezi kitu, na Yesu alilisema waziwazi katika mfano wa mzabibu na matawi. Ila kila mmoja amekupa neno moja tu, huyu "jikaze", yule "mwachie", nawe umebaki katikati. Leo unajikaza mpaka unachoka, kesho unaachia mpaka unalipuka.

Chini ya maneno hayo mawili kuna picha moja, na ndiyo inayotusumbua. Hapa Goma mtu akisikia "kushirikiana na Mungu", kichwani inamjia chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Umeziona zikipanda: magunia ya makaa yamefungwa kwa kamba za mpira, mwenyewe ameshika usukani, ameinama mpaka kifua kinakaribia mbao, na nyuma vijana wawili wanasukuma. Kwenye tambarare anaenda peke yake. Penye mlima anaita. Ndivyo tunavyosali wengi wetu: Bwana, mpaka hapa nimejikaza, sasa nawe sukuma. Picha hiyo ikishakaa, kinachobaki ni kupatana bei. Mungu asukume kiasi gani, mimi kiasi gani? Padri anaonekana kusema sehemu yako ni kubwa, mchungaji anasema sehemu yako ni sifuri, nao wanabishana kama wateja wawili mbele ya meza yako, huyu anasema kopo limejaa, yule anasema bado.

Picha yenyewe ndiyo mbovu. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliikataa kwa maneno ambayo ningependa kila mkristo ayasikie walau mara moja: kazi ya kiumbe na kazi ya Mungu hazigawanyiki, sehemu hii ya Mungu na sehemu ile ya kiumbe. Kazi nzima ni ya Mungu na kazi nzima ni ya kiumbe, kila mmoja kwa namna yake. Mfano wake ni fundi na chombo chake. Mtazame fundi anayechonga hiyohiyo chukudu kwa panga. Mbao yote imechongwa na panga. Mbao yote imechongwa na fundi. Hakuna mahali utakapoweka kidole ukasema hapa amefanya fundi, pale limefanya panga.

Najua mfano huo nao una mpaka. Panga halina hiari, wewe unayo. Mungu anapokusogeza hakusogezi kama gunia; anakusogeza kama mtu, yaani anakufanya utake. Hapo ndipo Paulo alipofika alipowaandikia Wafilipi. Kwanza anawaambia wautimize wokovu wao wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, na mara anaendelea: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Lishike hilo "kwa maana". Hakuandika "ingawa Mungu anatenda, nanyi fanyeni chenu". Mungu kutenda ndani yako ndiyo sababu ya wewe kutenda, kama vile pumzi ikiwemo ndipo mtu anapoweza kuimba. Kwa hiyo ile Alhamisi ambayo mkono uliinuka ukarudi chini (naamini unayo Alhamisi ya namna hiyo, hukuiandika tu), tendo lile lilikuwa lako lote, na lilikuwa zawadi yote. Usiligawe.

Inanifurahisha kwamba ugomvi huu uliamuliwa katika bara letu. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo, kwa sababu ya mafundisho ya Pelagio, aliyesema mwanadamu anaweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake akiamua kweli. Maaskofu wakajibu kitu ambacho sisi wahubiri wa "jikaze" tunakisahau: neema haikutolewa ili irahisishe tu jambo ambalo tungeliweza hata bila hiyo. Si mafuta ya kulainisha mnyororo wa baiskeli ambayo ingetembea vyovyote vile. Bila neema baiskeli haipo.

Basi mchungaji ameshinda? Ngoja. Yapata mwaka 426, wamonaki wa Hadrumeto, mji unaoitwa sasa Sousse huko Tunisia, walisoma barua moja ya Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo, juu ya neema, na baadhi yao wakapata akili ya ajabu. Wakasema: kama ni Mungu anayetenda, basi wakubwa wetu watuelekeze la kufanya na kutuombea tulifanye, lakini tusipolifanya wasitukemee. Kwa lugha ya Majengo: mimi ni mkali, Mungu bado hajanipa upole, niombeeni tu. Agostino, ambaye alipigania neema kuliko mtu yeyote wa wakati wake, hakuwasifu. Aliwaandikia vitabu viwili. Kuagizwa, kukemewa, kuomba, kujuta, vyote hivyo, kwake, ni mikono ambayo neema inaitumia. Anayekataa kukemewa anamfungia Mungu mlango huku akisema anamngoja. Tena miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amekutana na wamonaki wa Karthago waliogoma kufanya kazi kwa sababu Injili inasema ndege hawapandi wala hawavuni. Akawauliza mbona basi wao wanasaga na kupika, maana ndege hawasagi wala hawapiki. Neno lake linalojulikana sana juu ya jambo hili lilitoka katika mahubiri: Aliyekuumba bila wewe, hakuhesabii haki bila wewe. Mtaguso wa Trento ulipolishughulikia jambo hili mwaka 1547 ulibaki katika njia hiyohiyo, kwamba mtu anapoguswa na Mungu si kwamba hafanyi chochote, kwa kuwa anaweza hata kukataa. Lakini bila kuguswa hajisogezi.

Ukimaliza kusoma hapo, unaweza kumsomea jirani yako. Usimsomee kwa kushindana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wote wawili hawakuligusa. Unasema umeomba uvumilivu. Katika mafundisho ya Kanisa fadhila, yaani tabia njema za roho, zina majina, na kila jina lina kazi yake. Saburi, ule uvumilivu unaouomba, kazi yake ni kuulinda moyo usivunjwe na huzuni. Anayeishika hasira hatamu anaitwa upole. Toma anazitenganisha kabisa, kila moja na swali lake. Mama, kwa hasira uliyonieleza, inawezekana miaka sita umekuwa ukiomba dawa ya tumbo na kinachouma ni kichwa. Au tuseme vinauma vyote viwili, na huzuni ndiyo iliyotangulia. Umezika mume. Umezika dada. Katika barua yako yote hakuna mstari unaosema uliwalilia lini. Nauliza tu, na usinijibu mimi: huyo binti anafanana na dada yako?

Kama anafanana, basi kila siku unapikia sura uliyoizika, na kofi la Jumapili lina mizizi mbali kuliko bidoni. Hilo halilifanyi kuwa jema. Linakuonyesha tu pa kuomba. Pamoja na upole omba saburi ya kweli, ile ya kulia mbele ya Mungu bila kuona aibu. Zaburi zimejaa machozi, zitumie.

Halafu usingizi. Mnaamka saa ngapi? Mama wa soko akiniambia saa kumi ya usiku ameshasimama, na analala saa tano, sihitaji kuwa mtakatifu kujua kwa nini analipuka saa kumi na mbili jioni. Eliya alipokata tamaa akaomba afe chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya kwenda Horebu ilikuja baadaye. Sisi masera tunaipita haraka sehemu hiyo ya Biblia, sijui kwa nini.

Kuhusu kuungama Jumamosi na kurudia Jumanne: hapa ndipo watu wengi wanapoiacha imani kidogokidogo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika ubatizo, na tena katika kitubio kwa aliyeanguka, Mungu anammiminia mtu fadhila pamoja na neema. Hazitokani na mazoezi, ni zawadi. Lakini Toma anaongeza jambo la kweli kabisa kimaisha: mtu anaweza kuwa na fadhila hizo na bado akaona ugumu kuzitenda, kwa sababu mazoea ya zamani yameacha alama zake ndani. Dhambi imesamehewa, mkunjo umebaki. Ni kama nguo iliyokunjwa miaka. Ukiifua inatakata, lakini mkunjo unauona palepale.

Wewe ni mtu wa Goma, huhitaji mfano wa nguo. Mwezi wa kwanza 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Moto ulizimika. Jiwe likabaki. Mpaka leo kuna watu wanaoishi kwa kulipasua kwa nyundo, wanajengea kuta, na penye udongo waliouleta wenyewe kwa magunia wanapanda lengalenga. Kitubio kinazima moto, mama, na kinauzima kweli. Jiwe linapasuliwa siku baada ya siku, na nguvu ya kulipasua ni neema ileile. Toma mwenyewe, anapoeleza jinsi fadhila inavyokua, anasema si kila tone la maji linachimba jiwe, kama vile si kila tonge linamwongezea mtu mwili. Yanaandaa, yanajikusanya, halafu siku moja shimo linaonekana. Kwa hiyo kujiuliza kila jioni "je, leo nimekuwa mpole zaidi?" ni kupima tone. Acha.

Tufike kwenye kazi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliweka katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho njia moja ndogo ambayo nimeona ikiwasaidia watu wasiosoma sana kuliko hata mapadri. Unachagua kosa moja. Moja tu. Asubuhi unapoamka unajikumbusha kosa hilo na kuamua kujilinda nalo. Baada ya chakula cha mchana unaomba mwanga wa Mungu, unapitia saa baada ya saa tangu ulipoamka, na kwa kila mara uliyoanguka unatia nukta kwenye mstari. Baada ya chakula cha jioni unafanya hivyohivyo kwenye mstari wa pili. Kila siku mistari miwili. Unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma.

Wewe una daftari la madeni, sivyo? Muuzaji wa maharage asiye na daftari la madeni simjui. Geuza ukurasa wa mwisho, chora mistari 14, miwili miwili kwa siku saba. Usiandike jina la kosa, mtu asije akasoma. Nukta tu, kwa kalamu ileile.

Lakini kinachonipendeza zaidi ni kitu kidogo ambacho Inyasi anakitaja kama nyongeza. Anasema kila unapoanguka katika kosa lile, weka mkono kifuani na ujute, na hilo linaweza kufanyika hata mbele ya watu wengi bila wao kujua. Mkono kifuani, basi. Fikiria uko sokoni, mteja ameshika maharage yako, anayaponda kwa vidole, anasema yana wadudu, anataka bei ya jana. Sauti yako imeshapanda. Mkono unakwenda kifuani, kama mtu anayenyoosha kitenge. Sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo usiombe saburi ya miaka ijayo, omba sentensi inayofuata: Bwana, nipe maneno ya kumjibu huyu mama.

Hapo ndipo ninapotaka ulishike jibu langu, kama utasahau mengine. Miaka sita umengoja saburi ifike kwanza, ndipo uwe mpole. Umeingoja kama mzigo unaotoka Butembo: ukifika tutauza. Fadhila haiji hivyo. Inakuja ndani ya tendo, wakati wa tendo, na mara nyingi inakuja imechelewa, yaani umeshaanza kutenda bila kuihisi. Yesu alimwambia mtu mwenye mkono uliopooza, "Nyosha mkono wako." Hakumponya kwanza ndipo akamwambia anyoshe. Ule mkono ulipona ukiwa unanyoshwa. Nani aliunyosha? Unaona, swali lile la kugawana linakufa lenyewe.

Nikupe onyo linalotokana na mwili wangu mwenyewe. Kosa langu ni ulimi wa dhihaka. Naweza kummaliza mtu katika mkutano kwa sentensi moja ya adabu kabisa, na wengine wanacheka. Nilipoanza kutia nukta, juma la kwanza nilipata 19. Juma la pili 23. Nilimwendea mzee aliyekuwa ananisindikiza kiroho, padri mmoja wa makamo, nikamwambia njia hii inanizidisha ubaya. Akacheka, akauliza, "Juma kabla ya lile la kwanza ulikuwa na ngapi?" Sikujua. "Ulikuwa nazo 40," akasema, "ulikuwa huzioni." Sidhani alikuwa na hesabu yoyote, lakini alikuwa na haki. Nukta zikiongezeka mwanzoni usiogope. Ni macho yanayofunguka, na macho kufunguka ni kazi ya Mungu kabla hujafanya lolote. Ilinichukua karibu mwaka kushuka chini ya tano kwa juma, na Kwaresima iliyopita zilirudi kumi na kitu, kwa sababu ya mkutano mmoja ambao sitaueleza hapa.

Kuna kazi nyingine ngumu kuliko nukta. Ulimwomba binti msamaha? Hukuandika, kwa hiyo nadhani hapana. Najua tunavyolelewa: mkubwa hamwombi mdogo msamaha, akikosa anampikia chakula kizuri na jambo linaisha hivyo. Chakula kizuri ni kitu kizuri. Lakini mtoto wa miaka 12 asiye na mama anahitaji kusikia kwa masikio. Mkae peke yenu, si mbele ya wengine, useme: nilikupiga kabla sijauliza kama umeumia, nilikosa, unisamehe. Usiongeze "lakini nawe uwe unaangalia". Hiyo "lakini" ndiyo inayorudisha kofi. Utasikia uso unakuwa wa moto na ulimi mzito; huo uzito ni jiwe, na unalipasua. Nathubutu kusema tendo hilo moja litakufundisha upole kuliko novena tatu, na novena nazipenda.

Na jambo la kuangalia upande wa pili. Upole si kukubali kila kitu. Kama kuna mtu anayekuja mezani kwako kudai pesa isiyo na risiti, au shemeji anayetaka kiwanja cha marehemu, hasira unayoisikia hapo si ile ya bidoni, na usitie nukta. Hasira inayosimama upande wa haki na inayojua mpaka wake, Kanisa halijawahi kuiita dhambi. Nimeona akina mama wanaotumia neno saburi kufunika woga, na waume na wakubwa wanaolitumia kuwanyamazisha. Mimi neno hilo nitakusaidia kulitumia kwa ajili ya mtoto aliyeteleza. Kwa ajili ya mnyang'anyi tafuta mashahidi.

Katika mji huu tuna mtu wa kumtazama. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani, akakataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite vikaliwe na watu. Alitekwa na kuuawa mwezi wa saba 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Watu wanaposimulia habari zake wanakimbilia siku zile za mwisho. Mimi natazama miaka ya kabla. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, na alikuwa anatumia muda wake pamoja na maibobo, watoto wa barabarani ambao sisi wengine tunawafukuza mbele ya maduka. Mtu aliyezoea kukaa na mtoto ambaye atakula chochote anachookota, akiletewa karatasi ya kupitisha chakula kibovu, anajua tumbo gani litakipokea. Siku ya kukataa ilipofika, ile "hapana" haikuzaliwa siku hiyo. Ilikuwa imeshasemwa mara nyingi kwa namna ndogondogo ambazo hakuna aliyeziandika.

Umeniuliza pia, mwisho wa barua, kama uache kwenda kwenye shirika, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, Jumatano kwa sababu unaona aibu, majirani walisikia kelele. Nenda. Kati yao kuna mmoja unayemwamini. Mwambie, yaya, ukinisikia napandisha sauti jioni, niite kwa jina kutoka kwenye ua, unitume hata chumvi. Wamonaki wa Hadrumeto hawakutaka kukemewa. Wewe jitafutie wa kukukemea kwa upendo, na uchague mwenye mlango karibu.

Komunyo usiiache. Nasikia mtu akisema nimekula Mwili wa Bwana nikapiga mtoto saa hiyohiyo, basi sistahili, nitakaa juma kadhaa. Kama dhambi ni nzito, kaungame kwanza. Kama ni ule ukali wa kila siku, njoo mezani na nukta zako. Mgonjwa haachi dawa kwa kuwa alikohoa baada ya kuinywa.

Anza kesho, si Jumatatu. Mistari 14. Baada ya majuma sita niandikie tena, na uniambie pia kuhusu lile swali la kufanana na dada yako, ukitaka.

Na kabla sijasahau: bidoni. Busara nayo ni fadhila, tena wataalamu wanaiweka mbele ya zile nyingine za kibinadamu. Kiazi hakizibi bidoni ya lita 20 inayobebwa mgongoni na mtoto kwenye mawe ya Majengo. Tafuta yenye mfuniko wa kuzungusha, na kama pesa inaruhusu, ile ndogo ya lita 10, abebe mara mbili. Mbele ya hizo lita 20 hata mimi ningeteleza.